Ramani Nzito na Mashine Iliyojaa

Katika kazi zote zinazofanywa na ofisi za serikali kila mwaka, ipo moja ambayo wananchi hawaioni na wakubwa hawaifikirii mpaka siku ya kuhitajika kwake. Nayo ni kazi ya kuipanga ripoti ukurasa kwa ukurasa kabla haijapelekwa kwa mpiga chapa. Hesabu zimekwisha kukusanywa, maneno yamekwisha kuandikwa na kusahihishwa, mkurugenzi amekwisha kutia saini dibaji. Imebaki kuviunganisha vyote hivyo pamoja na ramani, majedwali, picha na michoro ya takwimu. Hapo ndipo kompyuta inapokwama. Inasita, inazunguka, halafu inaandika maneno machache ya kigeni yenye maana ya kwamba nafasi imekwisha. Karani anaizima na kuiwasha tena, nayo inakwama palepale. Siku mbili baadaye unapitishwa uamuzi: ramani ziondolewe, ripoti itoke bila ya ramani, na katika bajeti ya mwaka ujao iombwe mashine mpya.

Uamuzi huo una makosa mawili, nasi tunapenda kuyaeleza yote mawili kwa urefu, kwa sababu mwenye kupata hasara hapo si karani wala mashine. Ni mtu wa kisiwa kidogo ambaye, ramani ikitolewa, hana tena njia ya kuona katika waraka wa serikali yake kwamba mahali anapoishi pamehesabiwa.

Kwanza yafaa tuelewane juu ya neno kumbukumbu. Kompyuta ina mahali pawili pa kuwekea vitu, na watu wengi huvichanganya. Pako ghalani, ambamo mafaili hulala hata umeme ukizimika. Na iko kumbukumbu ya kazi, ambayo hushika yale tu yanayoshughulikiwa kwa wakati huo. Fundi cherehani ana kabati la vitambaa na ana meza ya kukatia. Kabati likiwa kubwa namna gani, kanzu hukatwa juu ya meza, na kitambaa kisichoenea mezani hakikatiki sawasawa. Karani anayesema kwamba mashine yake ina nafasi tele, basi kwa nini imekataa, anatazama kabati. Kilichojaa ni meza.

Wala tusidhani kwamba shida hii imeletwa na kompyuta. Unguja ilijua kupiga chapa kabla ya nchi nyingi za jirani: Sultan Barghash, aliyetawala tangu 1870 mpaka 1888, alikuwa na matbaa yake ya vitabu vya Kiarabu, na wamisionari wa UMCA walikuwa na ya kwao, ambayo mwaka 1888 ilitoa gazeti la Kiswahili lililoitwa Msimulizi. Katika matbaa za namna ile, kila herufi ilikuwa kipande cha risasi kilichokaa katika kisanduku chenye vyumba. Mpangaji alipokwisha kutumia herufi zake zote kwa kurasa chache, hakuweza kuendelea. Ilimlazimu kurasa zile zipigwe chapa kwanza, kisha herufi zisafishwe na kurudishwa kila moja chumbani mwake, ndipo aanze kurasa nyingine. Na mwenye kujua lugha yetu ataona mara moja kwamba kisanduku kilichopangwa kwa hesabu ya Kiingereza, ambamo herufi iliyo nyingi kuliko zote ni E, kinapotumiwa kwa Kiswahili kitaishiwa na A mapema sana, huku E zikibaki zimelala. Huo ni upungufu wa kumbukumbu kwa maana kamili ya neno, nao dawa yake ilikuwa ileile tutakayoieleza hapa chini: kumaliza kidogo kidogo, kuondoa mezani kilichokwisha, na kutoweka mezani kisichohitajika.

Picha ndizo zilizobadilisha hesabu. Ukurasa mmoja wa maandishi matupu una herufi kama 3,000, na katika kompyuta kila herufi ya lugha yetu huchukua baiti moja. Yaani ukurasa mzima ni baiti 3,000 tu. Sasa uchukue ukurasa huohuo wa kipimo cha A4 na uugeuze kuwa picha, kwa nukta 300 katika kila inchi, ambacho ndicho kipimo cha kawaida cha chapa njema. Utapata nukta 2,480 kwa upana na 3,508 kwa urefu, jumla yake zaidi ya milioni 8.6. Zikiwa ni nyeusi na nyeupe tupu, nukta nane hukaa katika baiti moja, na ukurasa ukahitaji zaidi kidogo ya baiti milioni moja. Zikiwa za rangi, kila nukta hutaka baiti tatu, na ukurasa ukawa na baiti milioni 26. Kwa maneno mengine, picha moja ya rangi iliyoenea ukurasa mzima hukaa mezani mahali pa kurasa elfu nane na zaidi za maandishi.

Mwaka 1985 kampuni ya Apple ilipotoa mtambo wake wa kupigia chapa kwa miali, LaserWriter, uliotumia lugha ya PostScript iliyobuniwa na kampuni ya Adobe, mtambo huo ulipewa kumbukumbu ya megabaiti moja na nusu, ambayo ilikuwa kubwa kuliko ya kompyuta ya Macintosh iliyoutumikia. Watu walistaajabu kuona mpiga chapa ana akili kuliko mwandishi. Lakini ukishatoa megabaiti moja na ushei ya kuchora ukurasa mmoja, iliyobaki haifiki nusu. Na katika nusu hiyo lazima zikae aina za herufi pamoja na maagizo yote ya kuchora. Ndiyo maana ukurasa wenye michoro mingi na herufi za namna tano ulikuwa ukirudishwa bila ya kuchapwa.

Mfano ulio bora zaidi wa jambo hili, hata hivyo, si mtambo bali ni programu, na tunauchukua kwa sababu hapo mambo yako wazi, hayakufichwa nyuma ya vitufe. Mwaka 1977 Profesa Donald Knuth wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, aliletewa kurasa za majaribio za toleo jipya la juzuu ya pili ya kitabu chake kikubwa juu ya elimu ya kompyuta. Toleo la kwanza lilikuwa limepangwa kwa risasi. Hili jipya lilipangwa kwa njia ya mwanga, nalo halikumpendeza hata kidogo. Badala ya kulalamika tu, alikaa akabuni programu yake mwenyewe ya kupanga kurasa, akaiita TeX. Herufi ile ya mwisho si X ya Kilatini bali ni herufi ya Kigiriki yenye sauti ya kh. Wageni hutaabika nayo, lakini msomaji anayesema kheri na khiyari hatapata taabu. Programu hiyo aliiandika upya na kuitoa mwaka 1982, na mpaka leo wanahesabu, wahandisi na wachapishaji wa vitabu vya sayansi ulimwenguni wanaitumia, pamoja na ndugu yake LaTeX aliyejengwa juu yake.

Knuth aliandika kwa mashine za wakati wake, nazo zilikuwa finyu. Kwa hiyo aliipa programu meza ya ukubwa uliokatwa mapema. Katika andiko la asili, meza hiyo ina vyumba 30,000. Na kwa kuwa namba ya chumba iliandikwa kwa tarakimu 16 za kompyuta, mwisho wa kupanua ulikuwa vyumba 65,535. Baadaye mafundi waliongeza. Katika matoleo ya siku hizi yanayogawiwa bure, kipimo cha kawaida ni vyumba 5,000,000. Programu inapojaza vyumba hivyo husimama, na kwa adabu isiyo ya kawaida kwa mashine, huomba radhi, hutaja ni meza ipi iliyojaa na ina ukubwa gani. Maana meza si moja: iko ya kurasa, iko ya aina za herufi, iko ya majina, iko ya maagizo yanayongojea. Karani mwenye kusoma ujumbe huo mpaka mwisho amekwisha kuipata nusu ya dawa. Wengi huufunga bila ya kuusoma, kwa kuwa umeandikwa kwa Kiingereza na kwa kuwa umekuja jioni.

Hapa pana jambo ambalo tungependa kila afisa anayesimamia manunuzi alitie akilini. Mipaka hiyo imeandikwa ndani ya programu na ndani ya faili lake la mipangilio. Haikutokana na mashine. Kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 64 itakwama mahali palepale, kwenye ukurasa uleule, ilipokwama ile ya gigabaiti nne. Hali ni hiyohiyo kwa programu nyingine nyingi za zamani, zilizojengwa kwa namba za tarakimu 32: haziwezi kuhesabu zaidi ya baiti milioni 4,295 hivi, hata ukiziwekea kumbukumbu mara kumi ya hiyo. Fedha itakuwa imetoka, mashine mpya itakuwa inang'ara juu ya meza, na ripoti itakuwa bado haijatoka.

Basi ni kitu gani kinachoijaza meza? TeX hupanga maneno katika mistari na mistari katika ukurasa. Ukurasa ukikamilika hutolewa nje, na vyumba vilivyoushika huwa vitupu tena. Kitabu cha kurasa elfu mbili za maneno matupu hakiwezi kuijaza, kwa kuwa mezani hukaa ukurasa mmoja au miwili tu kwa wakati. Kinachoijaza ni ukurasa mmoja wenye mambo mengi mno. Mtu anayechora grafu ndani ya maandishi yake kwa maagizo ya TikZ au PGFPlots anaiomba programu ya kupanga herufi iwe mchoraji. Kila nukta ya grafu, kila mstari na kila rangi hugeuzwa kuwa maagizo yanayokaa mezani mpaka ukurasa utoke. Uso wa mlima uliochorwa kwa gridi ya 100 kwa 100 una nukta 10,000, na kila nukta hutaka vyumba vyake kadhaa. Michoro minne ya namna hiyo katika ukurasa mmoja, au michoro sita inayongojea kupata nafasi katika kurasa za mbele, inatosha kuisimamisha kazi.

Sasa utazame tofauti. Mchoro uleule ukiwa umekwisha kutengenezwa kando na kuhifadhiwa kama faili la PDF, kisha ukaitwa tu katika mahali pake, TeX haiufungui kabisa. Huuliza upana wake na urefu wake, huacha kisanduku kitupu chenye vipimo hivyo, na kuandika alama kwamba hapa patawekwa faili fulani. Kisanduku kitupu hakichukui ila vyumba vichache, ukiwa mchoro wa mistari mitatu au ramani ya mikoa yote. Hii ndiyo siri nzima ya kazi, na ni ya ajabu kwa wepesi wake: mpangaji hana haja ya kukibeba anachokipangia nafasi. Ipo hata njia ya kuifanya programu yenyewe iichore kila picha peke yake, mara moja tu, ikaihifadhi kando, na safari zijazo ikaiita bila ya kuichora tena. Kazi iliyokuwa ikichukua saa moja kila linaposahihishwa neno moja, huwa ya dakika chache.

Kupanua meza nako kunawezekana. Katika faili liitwalo texmf.cnf kipimo hubadilishwa kwa mstari mmoja, halafu misingi ya programu hujengwa upya, jambo ambalo wengi hulisahau wakadhani kwamba badiliko halikufaa kitu. Iko pia LuaTeX, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2016. Hiyo hupanua meza yake yenyewe kadiri kazi inavyodai, mpaka kumbukumbu ya mashine nzima iishe. Sisi hatuna ugomvi na njia hizo. Lakini kabla ya kupanua ni wajibu mtu ajiulize kama tatizo ni ukubwa wa kazi au ni kosa la maagizo; kwa sababu agizo linalojiita lenyewe bila ya kikomo litajaza meza ya ukubwa wowote, na kwa mwenye kulipanulia atakuwa ameongeza muda wa kungoja tu. Na kuna kujaa kwingine kunakofanana na huku ambako si kwa meza hiyo: LaTeX huziweka kando picha zisizopata nafasi, na kwa miaka mingi iliweza kushika 18 tu, mwaka 2015 zikafanywa 52. Mwandishi anayerundika picha bila ya kuacha maneno baina yake atafika hapo. Dawa yake ni kuiamuru programu izitoe zote mwisho wa kila sura.

Tunakuja kwenye ramani, ambazo kwa watu wa visiwani ndizo kiini cha maneno haya.

Mpaka wa wilaya ya bara, uliopigwa kwa mstari kutoka kilima hadi kilima, huweza kuelezwa kwa nukta chache. Pwani haielezeki hivyo. Mwenye kuijua Pemba upande wa magharibi, kwa ghuba zake, mikono yake ya bahari inayoingia ndani, mikoko yake na visiwa vidogo vilivyozagaa mbele yake, anajua kwamba hakuna mahali mstari unakwenda wima kwa dakika kumi. Pwani hiyo ikipimwa kwa vyombo vya kisasa, kwa nukta moja kila mita moja, faili lake huwa na maelfu kwa maelfu ya nukta. Na faili hilohilo huwekwa katika ripoti mara 20, mara moja kwa kila mada: maji, skuli, vituo vya afya, umeme. Kwa hiyo ripoti ya kisiwa ni nzito kuliko ripoti ya bara iliyo na maneno yaleyale. Si kosa la karani. Ni umbile la nchi.

Je, nukta zote hizo zinahitajika? Tupige hesabu. Pemba ina urefu wa kama kilomita 67. Ukiiweka katika ukurasa wa A4 kwa urefu wa sentimita 25, kila sentimita ya karatasi ni mita 2,680 za ardhi. Mstari mwembamba unaoweza kuonekana vyema katika chapa ni kama sehemu ya kumi ya milimita. Huo kwa ramani yetu ni mita 27 hivi. Hivyo basi, chochote kilicho kidogo kuliko mita 27 hakionekani na jicho, wala hakina mahali pa kuwekwa. Nukta 26 katika kila 27 zinabebwa bure. Tangu mwaka 1973 iko kanuni maarufu ya kuzipunguza, iliyotangazwa na David Douglas na Thomas Peucker: huchagua umbali, mathalan mita 27, halafu huondoa kila nukta ambayo kuondoka kwake hakuupotoshi mstari kupita umbali huo. Pembe na ncha hubaki, zilizolala katika mstari mmoja hutoka. Programu zote za ramani zinayo, hata zile zinazopatikana bila ya malipo.

Walakin hapa ndipo tunapowaomba wahusika wafungue macho. Programu nyingine za kupunguza nukta hufanya na kazi ya pili ambayo haikuombwa: vipande vilivyo vidogo mno huvifuta kabisa, kwa kudhani ni takataka. Kwa ramani ya bara huenda ni takataka. Kwa ramani yetu vipande hivyo ni Kokota, ni Makoongwe, ni Kisiwa Panza. Ni watu wenye nyumba, misikiti na vyombo vya uvuvi. Chaguo la kuvihifadhi lipo katika programu hizo, lakini lazima mtu alitafute na alichague. Nasi tunasema kwamba ramani yoyote ya serikali iliyopunguzwa nukta isipelekwe kwa mpiga chapa kabla mtu anayevijua visiwa hivi kwa majina hajakaa nayo akavihesabu kimoja kimoja. Afadhali kisiwa kidogo kiwekewe alama ya duara iliyo kubwa kuliko umbo lake, kuliko kuachwa bahari tupu mahali wanapoishi watu. Na ramani iliyopunguzwa ni ya kuchapwa tu; isitumiwe kamwe kuamulia mipaka ya mashamba, viwanja wala maeneo ya hifadhi ya bahari. Kwa kazi hizo iko asili, nayo isiguswe.

Grafu za takwimu zina ugonjwa wa jamaa ya huo. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Zanzibar watu 1,889,773. Afisa mwenye bidii anaweza kutaka kuchora nukta kwa kila kaya, katika kisanduku cha sentimita nane kwa sita. Kisanduku hicho, kwa nukta 300 kwa inchi, kina nafasi ya nukta 945 kwa 709, yaani kama 670,000 tu, na alama moja inayoonekana huzifunika nyingi kati ya hizo. Maelfu ya alama zake zitalaliana na kuwa doa jeusi, faili litakuwa kubwa kama kitabu, na msomaji hatajua zaidi ya alivyojua. Heri achore wilaya 11 kwa nguzo 11.

Picha za kamera tutazisema kwa haraka, kwa kuwa dawa yake inajulikana. Simu ya kawaida leo hupiga picha yenye nukta 4,000 kwa 3,000, ambazo zikifunguliwa mezani ni baiti milioni 36. Picha hiyo ikiwekwa katika ripoti kwa upana wa sentimita nane, inahitaji baiti milioni mbili tu. Sehemu 17 katika kila 18 ni mzigo. Ipunguzwe kabla ya kuwekwa, wala isiburutwe pembe ndani ya ukurasa mpaka ionekane ndogo, kwa kuwa kule ni kuidogosha kwa macho tu. Uzito wake umebaki. Na jambo moja la hatari zaidi ya uzito: katika programu za ofisi zinazotumiwa sana, sehemu ya picha uliyoikata huwa imefichwa, haikufutwa. Afisa wa afya aliyekata sura ya mgonjwa pembeni mwa picha, kisha akaituma ripoti kila mahali, huenda ameituma na sura hiyo ndani yake. Ipo amri ya kuzifuta sehemu zilizokatwa. Itumiwe, au picha ikatwe katika programu nyingine kabla.

Picha za kutoka angani ni habari nyingine kabisa. Mwaka 2016 ulianzishwa mradi wa kuvipiga picha visiwa hivi kwa ndege ndogo zisizo na rubani, na matunda yake ni ya thamani kubwa kwa mipango ya ardhi. Lakini fikiri: ikiwa nukta moja ni sentimita kumi za ardhi, kilomita moja ya mraba ina nukta milioni 100, nazo kwa rangi ni megabaiti 300. Hakuna ripoti inayoweza kubeba hata shehia moja kwa ukamilifu huo, wala hakuna karatasi inayoweza kuionyesha. Kwa ukurasa wa A4 hukatwa nakala ya nukta 2,480 kwa 3,508, basi.

Sasa tuseme namna ya kuipanga kazi yenyewe. Ripoti kubwa isiwe faili moja. Kila sura iwe na faili lake, na liwepo faili fupi la juu linaloziita zote kwa mfuatano. LaTeX ina agizo maalumu la jambo hilo, ambalo huhifadhi hesabu za kurasa na majina ya rejea hata unapoisahihisha sura ya tano peke yake. Michoro ikae katika jalada lake, ikiitwa kwa majina yanayoeleweka, siyo "picha mpya ya mwisho kabisa 3". Ramani na grafu zihifadhiwe kwa mistari na siyo kwa nukta, ila pale nukta zinapokuwa nyingi mno kiasi cha kuwa mistari imekuwa mizito kuliko picha. Hilo hutokea, na hapo ni halali kuigeuza iwe picha ya nukta 300 au 600 kwa inchi. Picha za watu na mandhari ziwe za JPEG, wala zisihifadhiwe upya mara kwa mara, kwa kuwa kila mara hupoteza kitu. Mwisho zitolewe nakala mbili: moja ya mpiga chapa, yenye ubora wote, na moja nyepesi ya kusomwa katika simu.

Nakala hii ya pili hupuuzwa sana, na sisi tunaiona kuwa ni haki ya mwananchi. Ripoti ya megabaiti 300 iliyowekwa wazi kwa umma imewekwa wazi kwa jina tu. Mvuvi wa Micheweni au mwalimu wa Makunduchi atainunulia intaneti kwa fedha yake, ataingoja, na mara nyingi itakatika kabla haijafika. Ripoti hiyohiyo, ikiwa imepunguzwa kwa njia tulizozitaja, inaweza kushuka chini ya megabaiti 15 bila ya kupoteza neno wala ramani. Hilo halitaki zabuni.

Patakuwa na siku ambapo mashine mpya inahitajika kweli. Hatukusema kwamba haihitajiki kamwe. Ofisi inayofungua picha za angani kila siku inahitaji kumbukumbu nyingi, na kuinyima ni kuirejesha nyuma. Ila maombi ya fedha yaambatane na maelezo: ni kazi gani iliyokwama, ni programu gani, ujumbe wake ulisema nini, na faili lilikuwa na uzito gani kabla na baada ya kupunguzwa. Mwombaji asiyeweza kujibu hayo apelekwe mafunzoni kwanza kwa wiki mbili, maana gharama yake ni ndogo kuliko ya kompyuta moja.

Linabaki suala la asili. Sensa zetu zimekuwa zikifanywa kila baada ya miaka kumi tangu ile ya 2002, na kwa mfuatano huo inayofuata ni ya 2032. Atakayeichora ramani ya mwaka huo atataka kuilinganisha na ya 2022, na hataweza kufanya hivyo kwa ramani iliyokwisha kupunguzwa nukta kwa ajili ya karatasi ya A4. Mafaili ya asili, yenye nukta zake zote, yawekwe sasa mahali pawili, pamoja Unguja na pamoja Pemba, na ndani ya kila jalada liwemo karatasi fupi ya maandishi ya kawaida inayotaja tarehe, kipimo, programu iliyotumika na visiwa vyote vilivyomo kwa majina yake.